Uvimbe Uliodunda na Moyo Wangu

Mimi hakuna jambo lililobaki duniani la kunishtua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema barazani, na nilikuwa na haki ya kusema. Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Zile siku za shida, sabuni ilipokuwa adimu kuliko dhahabu na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, unapangiwa foleni tangu alfajiri, mimi nilikuwa napita njia za porini Horohoro, mpakani na Kenya, na baiskeli, miche ya sabuni nimeifunga kiunoni ndani ya kanzu. Jua la saa saba likanipiga, sabuni na jasho vikachanganyika. Mgambo akanisimamisha. "We mzee, mbona miguu yako yatoa povu?" Nikamwambia nimetoka kuoga, maji ya kusuuza yamekatika. Akacheka, akaniacha. Nimekamatwa mara mbili, nikanyang'anywa kila kitu mara moja, nikaanza upya na vibiriti. Ilipokuja ruksa, kila mtu auze atakacho, mimi ndiye wa kwanza mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, kufungua duka la mitumba ya marobota. Bakari Marobota, uliza mtu yeyote. Nyumba nimejenga kwa tofali, mabati mapya, pikipiki nje.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeona kitu mwilini mwake kinadunda mahali pasipodunda, na anaona haya kusema. Mimi niliona haya. Haya zangu zilitaka kunizika.

Ilikuwa vuli inaishia, mwezi wa Rajabu. Lilifika robota la suruali za jinzi, na wachuuzi wamejaa dukani wanasubiri lifunguliwe, maana anayewahi ndiye anayechagua. Robota hufungwa kwa tepe za chuma. Kuna mkasi wake wa kukatia, na mdogo wangu Rajabu alikuwa ameushika. Nikamwambia kaa pembeni. Mimi nilikuwa nakata kwa tindo na nyundo, pigo moja, watu washangilie. Nikapiga. Tepe ikafyatuka, ncha yake ikanichoma juu ya paja, pale kwenye kinena, kidogo tu, kama mwiba mkubwa.

Damu iliruka. Ilipiga suruali za watu. Mama mmoja mchuuzi akakimbilia kwa muuza kahawa, akarudi na buni iliyosagwa kwenye kiganja, akaibandika pale, akanigandamiza kwa kanga yake mpaka ikasita. Niliuza robota lote siku ile, nimekaa juu ya kigoda, kikoi kimelowa. Watu wakasema, "Bakari si mtu, ni chuma." Nami nikawaamini.

Kidonda kilifunga baada ya wiki moja. Wiki ya tatu, naoga, mkono ukagusa kitu. Kama limau, chini ya ngozi, palepale. Hakikuuma sana. Nikajisemea ni mtoki, tezi la kinena limevimba kwa kidonda, utaondoka. Wiki ya nne lilikuwa kama yai la bata. Suruali ikawa haivaliki, nikaanza kuja dukani na msuli.

Sasa mtu wa kwetu akiacha suruali akavaa msuli, akawa anatembea ametanua, watu hawahitaji daktari. Wanajua ni busha. Sefu, fundi baiskeli wa mbele ya duka langu, alinipokea asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Tajiri! Hongera! Leo ndiyo umekuwa mtu wa Tanga kamili!"

"Fyuu! Kaza spoki zako."

"Usione haya, bwana. Busha halimshiki maskini. Lataka mtu mwenye kigoda chake."

Watu wakafa kwa kicheko. Nikacheka nao. Na nikwambie ukweli: nilifurahi. Busha nalijua. Baba yangu alikuwa nalo, akaishi nalo miaka ishirini, akaoa nalo mke wa pili. Busha halitishi. Kilichonitisha ni kile kingine ambacho siku zile mtu akiota uvimbe kinenani watu walikuwa hawakitaji kwa jina, wanasema tu "maradhi ya siku hizi." Kwa hiyo mtaa mzima uliposema busha, nami nikajiambia ni busha, wakati mkono wangu mwenyewe ulijua kwamba lile halikuwa mahali pa busha.

Mke wangu, Mama Saumu, nilimficha. Nikawa nalala na msuli wangu, uso ukutani. Siku kumi hivyo. Siku ya kumi na moja akanikalisha.

"Baba Saumu, umeniletea nini ndani ya nyumba hii?"

"Nimekuletea nini?"

"Nakuuliza wewe. Kama una mwanamke, sema. Kama una maradhi ya siku hizi, sema vilevile, nijue nalea wanangu vipi."

Nikapandisha sauti, nikatoka. Mtu mwenye hofu hujificha ndani ya hasira.

Nilikwenda kwa Mzee Kombo. Huyu ni Mpemba, kaja Tanga zamani, na kazi yake kuumika watu. Anachanja kwa wembe, anapachika pembe ya ng'ombe, anavuta damu mbovu. Mikono yake mepesi, wazee wote wa Ngamiani wamepita pale. Sasa nilijiambia ni jipu lililoshindwa kutoka. Atachanja, usaha utatoka, nitarudi kwenye suruali yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa mkekani. Kifungua mkoba shilingi mia mbili."

Hii ndiyo desturi. Kabla mkoba wake haujafunguliwa unaweka ada chini ya mkeka. Lakini mimi ni mfanyabiashara.

"Mzee, kazi kwanza. Mimi silipi kitu sijakiona."

Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi. "Bakari, marobota yako wayalipia hujayaona ndani. Mkoba wangu huu hapa, wauona, wataka ukopeshwe?"

"Fanya kazi, mzee, nitakupa mia tatu."

Akaguna, akaufungua mkoba, akatoa pembe na wembe, akavipanga juu ya kitambaa. Nikafunua msuli. Akaweka kiganja chake pale. Akafumba macho. Kisha akauondoa mkono polepole, kama mtu aliyeukuta mkono wake juu ya nyoka aliyelala. Akachukua wembe, akaufunga kwenye karatasi yake.

"Mbona wafunga?"

"Ladunda."

"Jipu lolote ladunda, mzee. Ndiyo linaiva."

"Jipu lauma. Mkono wa kulia uweke hapa. Wa kushoto uweke kifuani."

Nikafanya. Mkono mmoja juu ya moyo, mkono mmoja juu ya ule uvimbe. Pu. Pu. Pu. Vyote viwili pamoja, havipishani hata chembe. Kama ngoma mbili zinapigwa na mkono mmoja. Na chini ya ngozi, kwenye vidole, kulikuwa na mtetemo mwembamba, kama paka anayekoroma.

Mimi ambaye hakuna cha kunishtua niliiondoa mikono yote miwili.

"Hiyo ni damu hai," akasema Mzee Kombo. "Nikiichanja, sina pembe ya kuikinga. Mkoba wote huu hauwezi kuikinga. Nenda hospitali, mwanangu, na usikimbie njiani. Nenda taratibu."

Nikasimama. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa, nikasema neno la kipumbavu. "Basi hukufanya kazi. Sikudai, hunidai."

Mzee alikuwa anatazama mkoba wake.

Ungedhani nilikwenda hospitali siku ileile. Sikwenda. Nilikaa siku nne. Nilikaa dukani nimekunja mikono, natembea kama nimebeba yai. Rajabu nilimweleza, yeye tu. Akasema, "Kaka, Mpemba kazeeka, mikono yatetemeka. Kuna mtu upande wa Pangani, anachanja mpaka matezi, hana mchezo. Jumamosi nakupeleka." Nikakubali! Nikwambie, ewe unayesoma: Jumamosi ile ningekufa kwenye ua wa mtu Pangani, ndani ya muda wa kuchemsha chai.

Kilichoniokoa ni sala. Ijumaa, nasali nyumbani maana msikitini sikuweza kujipanga na watu. Nilipokaa kwa attahiyatu, mguu ukafa ganzi, nikaanguka ubavu. Mama Saumu akaingia mbio. Msuli ulikuwa umefunuka. Akaona. Ngozi imekuwa laini inang'aa, na lile yai linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, bila mtu kuligusa.

Hakupiga kelele. Aliweka mkono wake pale, kisha akashika wayo wangu. "Mguu wako wa baridi," akasema. "Huu wa baridi, huu wa moto. Baba Saumu, mbona hukuniambia?"

Rajabu alipokuja na habari ya Pangani, alimkuta Mama Saumu mlangoni kavaa buibui.

"Shemeji, unampeleka kaka yangu hospitali akakatwe mguu?"

"Bora nimrudishe na mguu mmoja kuliko niletewe ana miguu miwili ndani ya sanda. Pisha."

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa kijana, ningeweza kumzaa. Alipachika chombo chake cha kusikilizia juu ya uvimbe, akaganda. Akamwita mwenzake, naye akasikiliza. Wakaniambia nisishuke kitandani. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni ulitobolewa na ile tepe, akasema, na tundu halikuziba. Damu inatoka nje ya mshipa, inazunguka kwenye mfuko iliojitengenezea, inarudi. Siku mfuko ukipasuka, hakuna wa kukuwahi. Lakini hawezi kugusa kitu mpaka kionekane ndani, na mashine ya kuonyesha damu ikitembea, na daktari wa kuitumia, vipo Mombasa.

Nilikwenda Mombasa nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, Mama Saumu kaweka kiganja chake juu ya uvimbe njia nzima. Tulipita Horohoro. Njia zangu za sabuni nilizitazama kwa dirishani na nikalia, kimya, uso nimeugeuzia mlango. Kila shimo la barabara nilihesabu kuwa ndilo la mwisho.

Chumba cha kungojea altrasaundi kilijaa wanawake wajawazito. Mashine yenyewe ndiyo kazi yake ya kila siku, kutazama watoto tumboni. Mwanamume peke yangu, kwenye benchi, na msuli na uvimbe wangu. Tulikaa toka saa mbili mpaka saa saba. Mama mmoja wa Kimombasa, tumbo mpaka magotini, akanitazama weee, mwisho akashindwa.

"Baba, samahani. Wewe wako wa miezi mingapi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Saumu akamjibu, "Wake mwezi wa pili, lakini anapiga teke kuliko wako." Hata mimi nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu kwa Mzee Kombo. Yule mama akanipa nusu ya chungwa lake. Sijamsahau. Ukiwa na hofu kubwa, nusu chungwa ni kitu.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, mtandio umefungwa vizuri, jina lake Daktari Salma. Mimi kuvuliwa msuli mbele ya mwanamke, mke wangu amesimama pale! Lakini aibu ilikuwa imekwisha, kama sabuni ya siku zile. Akanipaka kitu cha baridi kama ute wa yai, akaweka juu yake kidude cha kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kwenye kioo, kama televisheni, ukatokea weusi na weupe. Akabonyeza kitu, ikaingia rangi.

Niliona damu yangu. Nyekundu inakimbia kwenye mshipa, moja kwa moja. Halafu pembeni, mfuko mkubwa, na humo ndani nyekundu na buluu zinazungushana kama maji ya mtaroni masika. Na mashine inatoa sauti: shwaa, shwaa, shwaa.

"Ule mshipa wako, Baba. Ule mfuko si wako. Na ile shingo nyembamba inayounganisha, hiyo ndiyo mlango." Akageuka kunitazama. "Kuna kukata, na kuna njia nyingine. Nitakandamiza mlango kwa chombo hikihiki, huku natazama. Damu iliyomo ndani ikitulia, itaganda, mfuko utakufa. Lakini nikikandamiza kupita kiasi, na mguu nao utakosa damu. Ndiyo maana sitaondoa macho kwenye kioo."

"Na usipokufa?"

"Tutakata. Na hapo mguu sikuahidi. Huu umekaa wiki nyingi, Baba. Mngekuja mapema."

Alimweka Mama Saumu miguuni pangu, akamwonyesha mahali juu ya wayo ambapo mshipa unagonga. "Mama, usiondoe kidole hapa. Ukipotea, sema."

Akakandamiza. Uzito wake wote. Sijapata kuumizwa vile, na mimi nimepigwa rungu na mgambo. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Dakika kumi kwa saa ya ukutani.

"Mama?"

"Upo."

"Mama?"

"Upo, daktari."

Akaachia kidogo, akatazama. Shwaa, shwaa. Nyekundu ileile. Akafuta jasho kwa bega, akakandamiza tena. Dakika kumi nyingine. Mara ya pili hiyo Mama Saumu alikuwa anatafuta kwa kidole. "Mama?" Kimya. "Mama!" "Umepotea… hapana. Umepungua. Upo. Upo mdogo." Daktari akainua mkono kiasi cha unywele. "Sasa?" "Umerudi."

Nilisoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni utotoni, nikazirudia. Mara ya tatu nyekundu ilibaki nusu. Mara ya nne, daktari alipoachia, mfuko ulikuwa mweusi. Mweusi tii, kama kisima usiku. Mshipa tu ndio unakimbia, moja kwa moja, hauzunguki kokote. Ile sauti ikawa moja, safi.

Nikasema, "Nimepona." Akasema, "Bado. Lala chali mpaka kesho. Usikunje mguu, usikohoe kwa nguvu, usinyanyuke hata kwa haja." Kwa hiyo mwenye duka la marobota alikojolea chupa iliyoshikwa na mkewe, ambaye alikuwa amemwonea haya kwa zaidi ya wiki mbili.

Asubuhi wakanirudisha kwenye mashine. Daktari akatazama, akakirudisha kile kidude palepale. Pale mlangoni kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo, kama ncha ya sigara gizani. Ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika.

"Umefunguka tena," akasema.

Nilimwambia kata. Kata, niende zangu na mguu mmoja, siwezi tena. Mimi, chuma. Mama Saumu akashika wayo, kidole palepale, hajaambiwa. "Daktari, sisi tuko tayari," akasema. "Huyu kelele zake ndizo hizo, msimsikilize." Wakaanza. Mara tatu, dakika kumi kumi. "Upo." "Upo." "Upo." Nilipofumbua macho kwa mara ya mwisho, nilitafuta ile nukta kioo kizima. Sikuiona. Kesho yake haikuwapo. Na kesho kutwa.

Ramadhani ilinikuta nyumbani kitandani, sikufunga, nimelipa baadaye. Paja lote lilikuwa zambarau, kisha kijani, kisha njano kama embe dodo. Ule mguu ulikonda, mpaka leo soksi yake yashuka. Rajabu alikuja na futari siku ya kwanza, akakaa mlangoni, hakumtazama shemeji yake machoni. Mama Saumu akamsogezea uji. "Kunywa, wapoa." Akanywa, ikawa yamekwisha. Masika yalipoanza, baada ya Idi, tukarudi Mombasa kwenye mashine: mweusi, umesinyaa. Kipupwe tukarudi mara ya mwisho: kibonge kigumu kama kokwa ya ukwaju, hakidundi. Daktari Salma akanipa mkono. Nami nikamwambia akipita Tanga, achague nguo dukani, bure. Akacheka.

Ukiwa na uvimbe, fanya vile: mkono mmoja pale, mkono mmoja kifuani. Vikienda pamoja, usikubali wembe wa mtu yeyote, usikae siku nne, na mwambie mkeo.

Niliporudi safari ile ya mwisho, sikushukia nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Kombo kwa miguu yangu miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bakari. Waja na msuli au waja na suruali?"

"Suruali, mzee."

Ule mkoba ulikuwa unaning'inia ukutani, mdomo wazi. Kwapani alikuwa na kifuko kingine cha kitambaa, ndicho anachotumia. Nikamuuliza mbona. Akasema mkoba uliofunguliwa bila ada haufungwi wala haufanyi kazi, unangoja. Umengoja toka Shaabani. Nikainua ukingo wa mkeka, nikaweka ada. Akaniambia nisogee, akaweka kiganja pale juu ya suruali, akafumba macho, akakaa sana. "Limelala," akasema. Kisha akasimama, magoti yakalia, akauteremsha mkoba, akaufunga kwa kamba yake.

Hospitali, gari, vyumba vya Mombasa, dawa, nauli za kurudi kutazamwa, vyote nimeviandika kwenye karatasi ya robota, na nilidhani nimemaliza nilipopata laki mbili, themanini na sita elfu na mia nne. Ongeza ile mia mbili ya chini ya mkeka. Mguu wangu huu umenigharimu shilingi laki mbili, themanini na sita elfu na mia sita.